Mwandiko Si Wako, Kaka

Chome,
4 Februari 2024

Kaka Fanueli,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu, baridi ya mlima Shengena imeshuka mpaka jikoni na kuni zote zina maji. Mbuzi wa mama mchungaji amezaa mapacha, na mama mwenyewe anajisifu utadhani kazaa yeye. Maharage yamekubali. Masikio yangu ndiyo yamezidi, kaka. Simu ikilia naiona tu inarukaruka mezani kama panzi, nikiiweka sikioni nasikia upepo. Ndiyo maana naandika. Ukijibu mpe kondakta wa basi la Arusha, amwachie Fadhila pale dukani kwake stendi ya Same. Ananitunzia kila kitu kwenye ndoo zake za kuuzia sabuni, wala hajawahi kunipotezea hata bahasha.

Sasa sikiliza. Faraja ameniandikia meseji kwamba umemtoa kubeba magunia ukamweka kwenye riakta. Nikamuuliza Mwalimu Paschal, riakta ni nini? Akavuta kiti, akaniambia ni mambo ya nyuklia, mabomu hayo, huko Ulaya iliwahi kupasuka moja mpaka leo watu hawakai. Kaka! Tangu siku hiyo usingizi sijui unafananaje. Nilikupa mtoto mmoja, sina wa akiba. Umemweka wapi?

Niandikie kwa maneno ninayoyajua. Na usinifiche, unajua nikifichwa ninavyokuwa.

Mdogo wako,
Dorkas


Tanga,
18 Februari 2024

Mdogo wangu Dorkas,

Marahaba. Asifiwe milele. Barua yako imefika ikinukia sabuni ya Fadhila, nami nimeisoma mara mbili kwa kucheka. Mwambie Mwalimu Paschal abaki na kuimbisha kwaya. Huku joto ni la kukaanga samaki bila jiko. Tangu Devotha wangu atangulie nilizoea kula mkate na chai peke yangu, lakini mwanao anapika, na wali wake haujambo.

Riakta ni chombo tu, ambacho ndani yake vitu viwili vinakutana, vinakuwa kitu cha tatu. Sisi tunatengeneza gundi ya kubandikia mbao, hatutengenezi bomu. Ziko za aina nyingi. Iko ya mkupuo: unatia kila kitu, unafunga, unapika, ikiiva unamwaga, unaosha, unaanza upya. Hiyo ni chungu chako cha makande, basi. Iko ya kutiririka: huku dawa inaingia, huku gundi inatoka, usiku na mchana, mwiko unakoroga bila kupumzika. Iko ya bomba, ndefu kama mfereji wa kwetu, vitu vinaingia mwanzoni na kufika mwisho vimeshaoana njiani. Na wenye viwanda vya mafuta wana ile ambayo ndani yake punje zinarushwa na upepo mpaka zinachemka kama uji. Hiyo sijaiona kwa macho yangu, nimeona picha.

Yetu ni ya mkupuo, ila ya kistaarabu. Tunaiita sufuria, ingawa ina ghorofa mbili. Tunatia fenoli na kostiki chini, dawa mbili kali zinazounguza ngozi, halafu fomalini inadondoka kutoka tangi la juu, kidogo kidogo, huku mwiko unazunguka. (Fomalini ndiyo, ile ya mochwari, usianze.) Vikikutana vinatoa joto vyenyewe, hatuwashi moto wowote. Joto hilo tunalipoza kwa maji yanayozunguka ubavuni. Kazi ya Faraja ni koki ya juu na kuangalia geji ya joto. Sheria nimemfundisha moja tu: mwiko ukisimama, funga koki. Hata kama unakula, hata kama unakimbilia chooni, funga koki kwanza.

Nilikuahidi pale kwenye msiba wa baba yake kwamba nitamlea kama wangu, na nitakurudishia mzima. Mimi Fanueli huwa sisemi mara mbili. Lala, mama.

Kaka yako,
Fanueli


Chome,
10 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo tena. Asante kwa somo, nimelala siku mbili mfululizo. Mwalimu Paschal nimemsomea barua yako, akasema "aa, hiyo ni riakta nyingine," kama vile alikuwa anajua. Watu wa kitongoji tulikuwa na msaragambo Jumatano, kila nyumba na jembe lake, tumeizoa ndiva yote, bwawa letu la kumwagilia mashamba, tope lilikuwa mpaka kiunoni. Jirani yangu Koleta aliacha kiatu humo na hakikuonekana tena.

Nikiwa kule nilimkumbuka baba yake Faraja, mlinzi wa ndiva miaka yote ile. Unakumbuka watu walivyokuwa wanamjia asubuhi, tufungulie, mahindi yanaungua! Naye amekaa juu ya tuta, anawaambia subiri ijae. Ndiva ukiifungua haijajaa, maji yanaishia njiani, ardhi inayanywa, shamba la chini halioni kitu. Acha yakusanyike, kisha fungua kwa nguvu yote. Faraja kakulia juu ya tuta lile.

Kwa hiyo hizo koki zenu za matone zimenichekesha kweli. Huku mtu akidondosha maji hivyo ataimbiwa wimbo wa kumcheka. Lakini mwambie mwanangu awe kama baba yake kazini. Asibabaike, asikimbiekimbie, aache ijae. Msomee maneno haya, nataka ayasikie.

Mimi sasa nina amani kidogo. Kidogo tu, usijivune.

Dorkas


Chome,
21 Aprili 2024

Kaka Fanueli,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili bila jibu. Mvua imekata barabara mahali pawili, basi haliji, mtu anashuka na pikipiki mpaka palipokatika, anavuka kwa miguu, anapanda nyingine. Kwa hiyo kwanza niliilaumu barabara. Nikasema barua ya kaka iko Same kwenye ndoo ya Fadhila. Juzi nikashuka mwenyewe na matope yangu. Fadhila akafungua ndoo zote mbele yangu, hakuna.

Nikamwambia Fadhila, wewe una masikio, piga. Simu yako imezimwa. Akampigia Faraja, ikaita sana, ikapokelewa. Fadhila anasema alisikia mtu akipumua, kisha, "Tupo salama mama Fadhila, mwambie mama kazi ni nyingi," ikakatwa. Nikamuuliza, sauti ilikuwaje? Fadhila akaanza kupanga vikombe. Fadhila huwa hapangi vikombe, anatupia tu.

Na meseji za mwanangu! Zamani alikuwa ananiandikia mpaka alichokula. Sasa ni "Tupo Mama", "Tupo Mama". Mpo wapi? Kaka, kuna nini? Mwanangu ameungua? Amekatwa mkono? Niambie neno moja tu, hata baya, nitalibeba. Hili la kukaa kimya ndilo siwezi. Kuna siku nimejikuta nimesimama shambani na jembe mkononi, sijui nimesimama tangu saa ngapi, mpaka Koleta akaja kunishika bega.

Nijibu.

Dorkas


Tanga,
12 Mei 2024

Mdogo wangu Dorkas,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu. Samahani kwa kuchelewa, simu iliharibika na kazi zilikuwa nyingi. Huku hatujambo, mvua inanyesha na mitaro imejaa.

Mwanao ni mzima. Hana hata mkwaruzo. Ninakuapia kwa jina la mama yetu. Anakula, analala, hana shida yoyote ya mwili.

Kwa sasa tumepumzika kidogo kazini, kuna marekebisho ya mtambo. Usishuke tena na matope. Usimtume Fadhila kupiga simu. Nitaandika.

Kaka yako,
Fanueli


Chome,
26 Mei 2024

Kwa yeyote anayesoma,

Mwandiko si wako, kaka.

Nimeitoa ile barua ya Februari nikaiweka kando ya hii, mezani, mchana, mlango wazi. Ya Februari ni wewe: herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na umejaza maneno hata pembeni. Hii ya Mei imesimama wima. Huu ni mwandiko wa Faraja. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika, kwa mkaa, kwenye mlango wa stoo, kabla hata hajaanza chekechea. Mwandiko wa mtoto wako hauwezi kuupita njiani usiusalimie.

Basi nikakaa chini. Kwanza nilifurahi, Mungu anisamehe. Mwanangu ana mikono. Mwanangu ana macho. Nikaibusu karatasi kama mwendawazimu. Kisha nikajiuliza, kama mwanangu ni mzima, kwa nini anaandika kwa jina la mjomba wake? Mjomba wake yuko wapi?

Fanueli, uko hai?

Faraja, kama ni wewe peke yako uliyeshika barua hii, sikiliza. Mjomba wako akiwa amekufa, niambie amekufa. Nitalia, nitamaliza, nitakuja kumzika. Usimwandikie marehemu barua. Huko ni kunifanya mjinga na ni kumfanya yeye mwongo kaburini.

Na kama yu hai, aseme jambo ambalo wewe hulijui. Aniambie siku ya kipaimara changu nilifanya nini. Analijua yeye peke yake. Sitapokea neno lingine lolote kabla ya hilo.

Dorkas


Tanga,
9 Juni 2024

Dorkas,

Siku ya kipaimara chako uliingia jikoni na gauni lako jeupe, ukala sahani ya makande ya nyama aliyowekewa mchungaji, yote, na parachichi lake juu. Kisha ukamsingizia paka. Paka yule alipigwa, Dorkas. Alihama nyumba. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na nilinyamaza kwa sababu ulinipa mfupa.

Mwanao anacheka anavyoandika haya. Nimemwambia aandike na hilo pia. Sijamsikia akicheka tangu Machi, na mimi nacheka kwa sababu yeye anacheka. Basi niko hai. Umeridhika?

Mkono ni wake, maneno ni yangu. Nilimkataza kukuambia. Usimkasirikie yeye, nikasirikie mimi, umezoea.

Ilikuwa mwishoni mwa Machi. Umeme ulikatika tukiwa katikati ya mapishi. Mwiko ukasimama, na pampu ya maji ya kupoza nayo ikasimama. Jenereta iligoma, imekuwa ikigoma tangu Krismasi na kila mtu anasema itatengenezwa. Mimi nilikuwa nje nagombana nayo. Faraja alikuwa juu, peke yake. Fomalini haihitaji umeme, inashuka yenyewe kutoka tangi la juu. Ikaendelea kudondoka juu ya fenoli iliyotulia. Geji haikupanda, kwa hiyo hakuona hatari. Na hakufunga koki. Akasema moyoni, acha ikusanyike, umeme ukirudi nitakoroga yote kwa pamoja, kazi haitapotea.

Dorkas, ile si ndiva. Ndani ya sufuria ile vitu vinatakiwa vikutane tone kwa tone, kila tone litoe joto lake lipozwe, lije lingine. Vikikusanyika bila kukorogwa vinakaa tabaka juu ya tabaka, vimenyamaza, vinasubiriana. Umeme uliporudi akawasha mwiko. Vikakutana vyote mara moja.

Nilisikia mlio wa sufuria nikiwa mlangoni. Nilipanda ngazi, nikamkuta anaangalia geji inavyokimbia, kaganda. Nikamsukuma akaangukia ngazi ya chini. Mfuniko wa kuchungulia ukaachia, na iliyotoka ilinipata mimi, usoni na mikononi. Ile yenye kostiki ndani. Walinimwagia maji muda mrefu sana. Mikono inapona, ngozi mpya ni laini kama ya mtoto. Jicho la kulia wamelitoa. La kushoto wamelifunga, wanalitibu.

Sikukuambia kwa sababu zangu. Ya kwanza, nilikuahidi nitakurudishia mtoto mzima, na huyu hayuko mzima. Mwili mzima, ndiyo. Lakini haendi kanisani, haongei na watu, anakaa hapa ananilisha kwa kijiko na kuninyoa ndevu. Sauti ya mtu wa kwetu hawezi kuistahimili, ndiyo maana anakata simu za watu. Ya pili, unawajua watu wa kwetu. Mpwa aliyempofua mjomba wake! Wazee wangekuwa wameshakaa kikao, wameshachagua kondoo wa kumtoza. Nilitaka kwanza nipone ndipo habari ifike, nije nayo mwenyewe nikiwa nimesimama.

Ya tatu siisemi.

Fanueli


Chome,
23 Juni 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Shikamoo mara mia. Nimelia mpaka Koleta akadhani nimepata msiba, nikamwambia ni moshi. Sijamwambia mtu. Hata Fadhila sijamwambia, ingawa alinipa barua yako kwa mikono miwili.

Ya tatu naisema mimi. "Mwambie aache ijae." Niliandika mimi, na nikasisitiza umsomee. Ulimsomea, sivyo? Mlicheka, mkala wali. Na siku ile akiwa juu peke yake alinisikia mimi, akamsikia na baba yake, na sauti mbili zikaishinda moja yako. Ulininyamazia ili nisijue hilo. Ah, Fanueli. Mjinga wewe. Ningekuwa karibu ningekupiga na mwiko wa kwangu.

Najua huisomi barua hii. Unasomewa. Kwa hiyo wewe unayesoma, sasa naongea na wewe, na usiruke hata mstari.

Faraja mwanangu. Umekosea, ndiyo. Ulifundishwa sheria moja na ukaivunja, na mjomba wako amelipa. Sitakuambia si kitu, maana ni kitu. Lakini hukukosea kwa uvivu wala kwa ulevi. Ulifanya kama ulivyolelewa, na tuliokulea ni sisi. Kosa hilo tuligawane, mimi nina mgongo. Wazee niachie mimi. Wakitaka kondoo watakula kondoo, na watanyamaza wakitafuna. Unachonikosea sasa hivi ni hiki cha kukaa nyuma ya jina la mtu mwingine. Barua mbili sasa mwandiko wako unaniletea salamu za kila mtu isipokuwa zako. Niandikie. Hata salamu tupu.

Kaka, hilo jicho la kushoto daktari anasemaje? Uliandika "wanalitibu" ukapita haraka haraka. Nimelisoma neno hilo mpaka karatasi imechanika hapo. Linaona? Mwanga tu? Usinipambie.

Barabara wameipitisha greda. Nikishavuna maharage nakuja, mwisho wa Julai, na kama kuna sababu ya kuja mapema niambieni, maharage yataoza tu, yameshawahi kuoza.

Dorkas


Tanga,
7 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimesomewa yote, hakuruka mstari, ila palipomhusu alisoma taratibu sana na mara moja alitoka nje kwanza. Aliporudi akaendelea. Mwiko wako nausubiri.

Huku kumepoa, upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani. Jirani yetu Nasrin ananiletea uji wa pilipili manga kila asubuhi, hajui kwamba siupendi, na sasa nimeanza kuupenda. Mikono imefunguka. Jana nimefunga vifungo vya shati mwenyewe, viwili nikavikosea.

Umeuliza jicho. Sikupambii. Linakwenda vizuri. Daktari ni kijana mpole, ananishika kidevu kama ananipiga picha, anasema "tuvumilie mzee". Na mimi navumilia kwa sababu najua ninachokiona. Wiki iliyopita walipobadilisha bandeji, kabla hawajafunga tena, niliona mwanga. Nikamwambia Faraja, lile pale dirisha! Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema ndiyo mjomba, dirisha. Dorkas, nililia kama mjinga. Sikujua kwamba mtu anaweza kulipenda dirisha la hospitali kiasi kile.

Kwa hiyo usiache maharage yako yaoze. Vuna, kausha, ndipo uje, utanikuta naona. Wenzangu wa kazini wamekuja kunisalimia, wanasema sufuria haitatengenezwa tena. Wanaleta ile ya bomba. Humo ndani kunakuwa na dawa kidogo tu kwa wakati mmoja, na mabomba ya maji yanaizunguka njia nzima, hata ikikasirika inakasirika kidogo. Nimewaambia mpwa wangu atarudi kazini siku nitakayorudi mimi. Wakaangaliana, nadhani waliangaliana, lakini hawakukataa. Nitasimama naye kwenye geji nimfundishe upya. Mtu aliyeona ajali ndiye anayefaa kulinda mtambo, siyo yule aliyesoma tu.

Bandeji zikitoka barua ijayo nitaandika kwa mkono wangu, na herufi zangu zilizolala. Andaa miwani.

Msalimie Fadhila, aache kupanga vikombe.

Kaka yako akupendaye,
Fanueli

Mama, shikamoo.

Hapa sasa ni mimi. Mjomba ameketi nje barazani na uji wa mama Nasrin, anajua nakunja barua. Yote ya juu nimeandika kama alivyosema, sikuongeza neno na sikupunguza.

Ulisema nikuandikie hata salamu tupu. Nilitaka iwe hivyo, nikae siku moja tu na salamu tupu. Lakini uliuliza pia kama kuna sababu ya kuja mapema, na ipo.

Daktari aliniita pembeni siku ileile waliyobadilisha bandeji. Anasema jicho la kushoto limekufa. Kostiki iliingia ndani mno. Halitaona, hata mwanga halitaona, na bandeji wanaifunga ili kidonda kikauke tu. Akaniambia wewe ndiye ndugu, mtayarishe mzee. Nikamjibu sawa. Hiyo ni wiki sasa, na sijasema kitu.

Mama, alipoonyesha dirisha kwa kidole, alikuwa anaonyesha ukutani. Dirisha lilikuwa nyuma yake.

Nilisema ndiyo mjomba, dirisha. Nimeiandika tena hapo juu kwa mkono wangu, na aliniomba nimsomee sehemu hiyo mara ya pili.

Acha maharage. Njoo na basi la kwanza utakalolipata, nitakuwa stendi ya Tanga kila jioni mpaka ushuke. Nipige, nisemeshe, fanya lolote. Ila nisaidie kumwambia, maana mimi nimeshindwa na sioni haki aambiwe na mtu mwingine asiyekuwa ndugu.

Na ukijibu kabla ya kuja, usiandike lolote kuhusu jicho. Barua yako ataniomba nimsomee, nami sitaweza kuruka mstari.

Mwanao,
Faraja